Herufi Iliyodondoka Mwezi wa Pili

Kazi yangu kiwandani ni kukusanya kurasa. Mtambo ukishachapa, karatasi huenda kwa mkataji, na mkataji akishazikata huniletea marundo. Mimi huyapanga juu ya meza ndefu kwa mfuatano wake, kisha naizunguka meza nikiokota ukurasa mmoja mmoja mpaka kitabu kinakamilika mkononi. Nimeizunguka meza ile miaka kumi na moja. Fundi wa mtambo hupenda kusema kwamba laiti ningetembea kwa kunyoosha ningekuwa nimeshafika ng'ambo na kurudi, tena ningerudi na mchumba. Namwambia aangalie mtambo wake. Tangu marehemu mume wangu aitwe na Mola, ninachotafuta ni magoti yasiyouma, basi.

Nina kazi ya pili pia, nayo ni kusoma. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini niliimaliza, na macho yangu yana subira. Bosi aliliona hilo mapema. Kwetu hakuna kinachoingia mtamboni kabla watu wawili hawajasomeana. Mmoja anashika maandishi aliyoleta mteja na kuyasoma kwa sauti. Wa pili anashika karatasi ya majaribio, ile tunayoiita prufu, anafuata kwa kidole na kutia tiki kwa penseli kila mstari. Majina ya watu tunayataja herufi kwa herufi, maana mtu ukimkosea jina kwenye kadi ya harusi hatakusamehe hata ukimchapia nyingine kwa dhahabu. Namba tunazitaja moja moja. Yaliyobaki tunayasoma kama tunavyoongea. Mwishoni yule aliyekuwa anafuata anaandika herufi ya kwanza ya jina lake pembeni, kuonyesha kwamba ameridhika.

Mwaka ule aliyekuwa ananisomea alikuwa mkwe wangu.

Huyu ni mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu anajenga barabara huko mbali na hurudi kila baada ya miezi minne akiwa mweusi kwa lami na jua, analala siku mbili, siku ya tatu ndiyo tunaanza kuongea naye. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mkwe. Alipokuja kwangu alikuwa mtu wa kujifungia chumbani. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na haya, na alikuwa anaona hana analolifanya duniani ila kuosha sufuria ambazo nilikuwa nimeshaziosha. Niliona nisimsemeshe sana. Niliweka tu kiti chake karibu na changu na kungoja. Mwaka mzima nilingoja.

Kilichomtoa chumbani ni kompyuta. Alikuwa amejifunza kupiga chapa alipokuwa msichana, na aliyekuwa anapanga maandishi pale kiwandani alipohama, nilimwambia Bosi ninaye mtu. Bosi akamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Wiki ya kwanza tu nikaanza kumsikia anaimba asubuhi akipiga pasi. Mimi ni mtu wa sala, na nilisali sala ya shukrani huku nimeshika mswaki mdomoni, Mungu anisamehe.

Lakini mwezi wa kwanza haujaisha akafanya kosa. Mteja alileta kadi ya harusi, ameandika kwa tarakimu kwamba ibada ni 10:00 asubuhi, naye mkwe akaandika saa kumi. Mimi siku hiyo nilikuwa msibani. Aliyesomeana naye alikuwa mkataji, ambaye husoma huku anawaza mpira. Bwana harusi akaja kuligundua kadi zimeshafungwa kwenye maboksi, akauliza kama tunataka wageni wake wafike wakati yeye na mkewe wameshachoka kuoana. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. Alimwambia mkwe wangu mbele ya wote kwamba kosa lingine la namna hiyo likitokea, asingoje miezi mitatu itimie, achukue mkoba wake aende.

Tangu siku hiyo asubuhi zikawa kimya.

Basi mwezi wa pili wa majaribio yake akaja Mwalimu Nukta. Jina hilo si lake. Alipewa na wanafunzi, na baadaye mji mzima ukalichukua, kwa sababu katika miaka thelathini na nne ya kufundisha hakuwahi kusamehe nukta iliyosahaulika. Amestaafu sasa, lakini hutembea kama kengele ya mapumziko italia wakati wowote. Miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alitaka kalenda mia sita, atakazowagawia watoto wa shule yake ya zamani, na si kalenda ya picha za maua. Kila mwezi uwe na karatasi yake, na chini ya jina la mwezi yawepo maelezo mafupi: jina limetoka wapi na lina maana gani. Maelezo alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko ulionyooka kama uzio. Juu ya kila maelezo aliweka namba tu, moja mpaka kumi na mbili. Majina ya miezi, alisema, tutayaweka wenyewe, nani asiyeyajua.

Nikafungua lile daftari na ukurasa wa kwanza tu nikakutana na mungu wa Warumi, mlinzi wa milango, mwenye nyuso mbili, mmoja unatazama ndani na mwingine nje, na maelezo kwamba Januari imetokana na jina lake. Nikalifunga. Nilimwambia Mwalimu kwa adabu kwamba sijui kama mkono wangu unaruhusiwa kukusanya kurasa za namna ile. Akaniuliza kama ninapotaja Januari huwa namwabudu huyo mwenye nyuso mbili. Nikasema hapana. Akasema basi ni jina tu, na jirani yake anaitwa Simba na hajawahi kumwona anakula nyama mbichi. Hapo nikaridhika.

Siku ya kusomeana, mimi na mkwe tulikaa kwenye chumba cha nyuma, yeye na daftari, mimi na prufu. Sijawahi kuifurahia kazi ile kama siku hiyo. Machi ilikuwa ya mungu wa vita. Julai ya mtawala mmoja na Agosti ya mwingine aliyemfuata, na huyo wa pili, Augusto, nilikuwa namsikia kanisani tangu utotoni bila kujua kwamba kila mwaka nalala siku thelathini na moja chini ya jina lake. Halafu tukafika Septemba, kumbe maana yake ni saba. Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Mwalimu alieleza kwamba zamani zile mwaka wao ulianza Machi, ndiyo maana hesabu imehama na majina yamebaki. Mkwe wangu akanyanyua macho kutoka kwenye daftari.

"Mama," akasema, "kumbe si mimi peke yangu niliyechanganya kumi."

Tulicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiitania ile saa kumi yake, na nikajua kidonda kinaanza kukauka. Nikatia tiki mpaka Desemba, nikaandika herufi yangu pembeni.

Ijumaa asubuhi mkataji akaniletea marundo ya kalenda. Mwalimu alikuwa achukue mzigo wake Jumamosi saa nne. Nilipanga karatasi mezani, Januari mpaka Desemba, na kwa kuwa maelezo yale nilikuwa nimeyapenda, niliyasoma tena nikipanga. Ya mwezi wa pili ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Mwalimu alikuwa ameandika hivi: "Jina hili linatokana na februa, neno la Kilatini la vitu vya kutakasia. Katika mwaka wa kale wa Warumi huu ulikuwa mwezi wa mwisho, mwezi wa usafi, watu wakijitakasa kabla ya mwaka mwingine kuanza."

Kidole changu kilikuwa juu ya februa. Nililitazama lile neno dogo, halafu nikatazama jina kubwa lililo juu yake, lenye herufi nyekundu za urefu wa kidole gumba. FEBUARI. Nikarudi chini. F, e, b, r. Nikapanda juu. F, e, b, u.

Niliacha kupanga.

Nilijua palepale kosa lilivyotokea. Daftari la Mwalimu lilikuwa na namba tu. Mkwe alikuwa ameandika jina kama anavyolitamka, na siku ya kusomeana akasema, "Mwezi wa pili, Febuari," nami nikaona Febuari mbele yangu, nikatia tiki. Sikio langu lilisikia kilekile jicho langu lilichokiona. Jina la mtu tungelitaja herufi kwa herufi. Jina la mwezi nani angelitaja?

Nilikwenda kwa fundi, aliyekuwa anaosha rola za mtambo, nikamuuliza mwezi wa pili unaitwaje. Akaniuliza kama nimeanza kusahau, akasema Febuari. Nikaenda kwa mkataji. Yeye akasema Febwari, akauliza kuna nini Febwari. Mama wa chai aliyepita na birika alisema hajui mambo ya majina, kwake ni mwezi wa pili. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeitamka ile herufi. Shetani hana haja ya kuja na pembe. Siku hiyo alikuja na hesabu. Alinionyesha kwamba kama watu wote wanasema hivyo, basi mia sita hizo zitatundikwa ukutani na hakuna atakayeona, na mkwe wangu atamaliza miezi mitatu yake kwa amani.

Saa ya chakula nilimwita mkwe stoo ya karatasi. Tulikaa juu ya rimu, nikamwonyesha ukurasa, kidole changu juu, halafu chini. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Hakulia, na ningependa angelia. Aliikunja ile karatasi katikati, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Mama, naomba tunyamaze," akasema. "Nakuomba. Nikirudi kukaa ndani tena, sijui nitakaaje."

Nilimshika mkono. Ungekuwa moyo wa mama peke yake, ningemwahidi palepale. Lakini mimi si mtu wa kuahidi kabla sijasali, nikamwambia hivyo. Alijua maana yake. Aliondoa mkono wake taratibu, akarudi kwenye mashine yake bila kula.

Nikabaki stoo. Sala yangu haikuwa ndefu. Sikusikia sauti, wala sikuona ishara. Nilichosikia ni fundi anavuta boksi la waya sakafuni, kwa sababu mchana ule ndio kalenda zilikuwa zianze kutobolewa na kufungwa. Karatasi ambayo haijafungwa unaitoa na kuweka nyingine. Ikishafungwa na wenzake kumi na mmoja, unawaharibu wote. Na tena nikafikiri juu ya wale watoto. Mtu mzima haangalii kalenda ili ajifunze kuandika. Mtoto ndiye anayekaa chini yake na penseli, na anaamini kila anachokiona kimechapwa. Nikainuka nikajipangusa vumbi la karatasi.

Bosi alikuwa ofisini kwake, anakula ndizi na kusoma risiti. Nilibaki nimesimama.

"Bosi, kalenda za Mwalimu zina kosa," nikasema. "Tumeandika Febuari."

Alitafuna kwanza, akameza.

"Sasa ulitaka tuandike nini, shangazi?"

"Febuari."

Aliiweka ndizi chini. "Leo umekula?"

Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nilikusanya ulimi wangu wote nikaupeleka kwenye ile herufi, na kila nilipofika pale ulikuwa unaruka kama mbuzi anaruka mtaro. Nikasema Febuari mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kelele ingeleta herufi. Mwishowe nikachukua kalamu yake bila ruhusa, nikaandika majina yote mawili kwenye mgongo wa risiti, moja juu ya lingine, nikaizungushia duara herufi iliyokosekana. Aliyasoma yote mawili kwa kidole. Kisha akainuka akaenda mpaka kwenye meza yangu, akaokota karatasi moja, akaitazama, akaokota na ya pili kama vile angeikuta imepona.

Alimwita mkwe wangu. Fundi na mkataji wakaja bila kuitwa. Bosi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye alishaonya, na kwamba jina la mwezi likikosewa kwenye kalenda, tena kalenda ya kufundisha majina ya miezi, hajui tumebakiza nini. Akamwambia achukue mkoba wake.

Nikasema nina neno. Nikamletea ile prufu, nikamwonyesha tiki ya penseli kando ya mwezi wa pili na herufi ya jina langu pembeni. Nikamwambia aliyeandika alikosea mara moja, lakini aliyewekwa kulinda mlango ni mimi, na kama mkosaji anaondoka, basi nifunge na mimi khanga yangu vizuri tutoke pamoja. Sikusema kwa kumtisha. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Bosi, usimsikilize," mkwe wangu akasema. "Mimi nilimwomba anyamaze. Yeye ndiye aliyekataa. Kama kuna wa kubaki hapa ni yeye."

Bosi akatutazama kwa zamu, akasema kwamba wanawake wa nyumba moja hawa wanajifukuza kazi wenyewe kabla yeye hajamaliza kufikiri.

Alikuwa bado anafikiri Mwalimu Nukta alipoingia. Hakuwa ameweza kungoja Jumamosi. Alisema amepita tu kuchungulia, akavaa miwani yake ya kamba ya kiatu, na kwa jinsi tulivyokuwa tumesimama, kama watu wanaongoja maiti itoke, akauliza nani amefariki.

Bosi akakohoa. Akaanza kueleza kwamba kumetokea kasoro ndogo, kwamba imegunduliwa mapema, kwamba sisi ni watu waaminifu. Halafu ikabidi aseme kasoro yenyewe. Alisema kwa bahati mbaya imeandikwa Febuari badala ya, na hapo akasimama, akanitazama mimi, akamtazama fundi. Fundi akatazama dari. Bosi akampa Mwalimu karatasi.

Mwalimu aliisoma. Aliisoma yote, na maelezo yake mwenyewe. Akauliza nani ameliona. Bosi akanionyesha kwa kidevu. Akauliza nani aliandika, na mkwe wangu akanyoosha mkono juu kama yuko darasani. Mwalimu akauliza imepitaje kwa watu wawili, na hapo nikamweleza mimi mwenyewe jinsi tunavyosomeana, kwamba majina ya watu tunayataja herufi kwa herufi na miezi hatuitaji, na kwamba tulichokitumia siku ile ni masikio.

Alitikisa kichwa taratibu. Akasema hiyo herufi anaifahamu vizuri. Miaka thelathini na nne kila darasa liliidondosha sakafuni, na laiti angekuwa anaziokota angekuwa na gunia zima nyumbani. Akatueleza kwamba neno lina R mbili zilizokaribiana, na ulimi ni mvivu, ukiziona mbili unabeba moja na kuiacha nyingine njiani. Hata huko Ulaya ambako jina lilitoka, wengi wanaidondosha palepale tunapoidondosha sisi. Kwa hiyo mdomo kusema Febuari yeye hana ugomvi nao sana. Ugomvi wake ni karatasi. Karatasi inatakiwa ikumbuke kile ambacho mdomo umesahau, maana bila ile R mtoto hataiona tena februa ndani ya jina, na mwezi utakuwa kelele tu isiyo na maana.

"Na huyu binti?" akauliza. "Mbona ameshika mkoba saa nane mchana?"

Bosi akasema ni utaratibu wa kazi, kwamba ni kosa la pili, kwamba alishamwonya.

"Sawa," Mwalimu akasema. "Hebu na wewe litamke."

"Nini?"

"Jina la mwezi."

Hakuna aliyecheka. Bosi alijiweka sawa, akashika ukosi wa shati.

"Febuari," akasema.

"Tena."

"Fe. Bu. Ruari."

"R umeileta, lakini umeishusha kituo kisicho chake. Tena."

Akajaribu mara mbili zaidi, jasho linamtoka kwenye paji, mtu mzima mwenye kiwanda chake. Fundi aligeuka akaukumbatia mtambo, mabega yanacheza. Mwalimu hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa amesimama kama alivyosimama mbele ya vizazi viwili vya mji huu.

"Huyu binti ameandika kile ambacho kila kinywa humu ndani kinamwambia," akasema. "Cha kwako pia. Ukimtoa yeye kwa hiyo herufi moja, mlango huo utawatosha wote?"

Bosi alichukua leso akajifuta. Nilikuwa namtazama mikono, maana uso wa mtu unaweza kukudanganya, na niliona vidole vyake vimeachia ukosi wa shati. Alimuuliza mkataji karatasi zimebaki ngapi stoo. Mkataji akasema zinatosha. Alimwambia fundi akae tayari, kazi ni ukurasa mmoja tu, wa mwezi wa pili, mia sita, na utoke leo. Kisha akamgeukia mkwe wangu.

"Weka huo mkoba chini, ukaandike upya," akasema. "Jumatatu saa mbili uwe kwenye kiti chako. Na kuanzia leo hapa ndani miezi nayo inatajwa herufi kwa herufi, kama watu."

Mkwe akauliza, kwa sauti ya kuogopa jibu, ile miezi mitatu yake inaanza upya au vipi.

"Mimi nimesema inaanza upya?"

Akasema hapana, hajasema.

"Basi."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mkataji mpaka karatasi ya kwanza ikatoka, akaisoma kwa umbali wa inchi tano, akaipulizia wino ukauke, akaondoka nayo akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, mia sita zote zilikuwa mezani kwangu, na Jumamosi asubuhi tukazifunga waya. Saa nne kamili alikuja na mkokoteni.

Huo ndio mwisho wa kalenda. Nyumbani mambo hayakwisha.

Mkwe wangu hakunikosea adabu. Aliniwekea maji ya kuoga, akanipakulia, akasema mama chakula tayari, mama usiku mwema. Lakini yalikuwa maneno ya mgeni kwa mwenye nyumba. Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma yangu, na tuliporudi alitembea hatua mbili nyuma. Nilimwacha. Niliwaza kwamba ana haki, kwamba aliniomba kitu kimoja tu tangu aingie kwenye nyumba yangu na mimi nikaenda kukisema kwa Bosi. Sikujuta kusema. Nilijuta kwamba njia ya kusema ilipita juu yake. Nilisali hilo pia, na sikupewa jibu, nikalala.

Jumatatu nilichelewa kuamka kwa sababu ya magoti. Nilipotoka chumbani nilimkuta amesimama mlangoni, amevaa, amebeba mkoba wake begani na wangu mkononi. Viatu vyangu alikuwa ameshavitoa nje na kuvipangusa.

"Mama, nilikasirika," akasema.

Nikamwambia najua, na kwamba alikuwa na haki, maana aliniomba ninyamaze nikasema.

Akatikisa kichwa. "Si hilo. Hilo nilijua utasema, nilikuona ulivyokaa pale stoo." Akahamisha mkoba wangu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Ulimwambia Bosi utaondoka. Mama, ningekaa vipi kwenye ile mashine, naangalia meza haina mtu? Hukunifikiria hapo."

Kweli sikuwa nimefikiria. Miaka yote hii najiona mtu wa kuangalia, naona kila karatasi iliyopinda, na hilo sikuliona. Nilitaka kumwambia neno la maana, neno la mama, lakini lililokuja ni samahani tu, nikalisema.

Aliinama akaniwekea kiatu cha kulia mbele ya mguu, kwa kuwa anajua goti la kulia ndilo baya.

"Vaa twende," akasema. "Bosi amesema saa mbili, na wewe unatembea kama unazunguka meza."